Uzi kwa marubani wapya: namba ya sinioriti, simuleta na siasa za chama ambazo shuleni hawafundishi

#1 (mleta uzi)

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Nimekua nasoma maswali ya vijana wanaoingia kampuni za ndege kwa mara ya kwanza, wanauliza masaa, wanauliza mtihani wa simuleta (mashine ya kuigiza urukaji) ukoje, wanauliza mshahara, ila habari za chama hazimshughulishi mtu mpaka siku maji yamfike shingoni. Mimi huu ni mwaka wa tisa tangu niajiriwe, bado nipo kiti cha kulia, yaani cha fasti ofisa (rubani msaidizi), kwenye Airbus A320, na miaka mitatu ya karibuni nipo kamati ya mafunzo ya chama chetu cha marubani. Kampuni siitaji na chama sikitaji, naomba msinilazimishe. Nimeamua kuandika kwasababu kuna kura inakuja kwetu na kinachopigiwa kura kinawahusu watu ambao hawamo kwenye daftari la wapiga kura, yaani nyinyi mnaotaka kuajiriwa.

Naanza na siku ya kwanza darasani. Tulikua watu 12. Hatujapewa vitabu, hatujapewa hata vitambulisho, akaingia dada wa utumishi na karatasi moja, majina yetu yamepangwa kwa tarehe ya kuzaliwa, mkubwa juu mdogo chini, na pembeni ya kila jina kuna namba. Akasema hizi ndio namba zenu za sinioriti, yaani nafasi yako kwenye foleni ya waajiriwa, kila mtu asaini mbele ya jina lake. Jamaa niliyekaa nae dawati moja alikua kanizidi siku 11 tu, basi yeye akawa namba moja juu yangu. Tukataniana pale, mimi nikawa namwita kaka mkubwa, ikaisha hivyo.

Wakuu, mule ndani nilisaini makaratasi mengi lakini hakuna iliyokuja kunigusa kama ile. Kwenye kampuni nyingi za ndege zenye chama imara hiyo namba ndio inaamua uwe kituo gani, rosta yako ikoje, likizo unapata mwezi wa watoto kufunga shule au mwezi ambao hakuna anaeutaka, urushe ndege gani, lini uhamie kiti cha kushoto (cha kapteni), na kampuni ikiyumba nani aanze kutoka. Ukishafaulu mitihani yako uhodari hauulizwi tena. Na namba haihamishiki, ukiacha kampuni na masaa yako 8000 ukaenda nyingine unaanzia mkiani kabisa, chini ya kijana wa masaa 300 aliyeingia wiki moja kabla yako. Ndo maana rubani hahami hovyo, na ndo maana siasa za chama zinakua za moto, mtu akijua hawezi kuhama nyumba atagombania chumba mpaka kieleweke.

Mwaka wangu wa tatu kampuni ikarudisha ndege kadhaa kwa waliotukodisha, barua zikaanza kutoka. Mstari ulipita katikati yangu na yule jamaa. Yeye jina lake likawa la mwisho kwa waliobaki, mimi jina langu likawa la kwanza kwa waliotoka. Nilikaa nje miezi 14. Kwa siku 11.

Ntaendelea, nipo likizo wiki hii.

#2

Asante sana mkuu, uzi muhimu huu. Mimi bado nipo shule nakusanya masaa. Naomba kuuliza, huu utaratibu wa namba nani aliuleta? Kwanini watu wasipandishwe kwa uwezo kama kazi nyingine? Halafu nasikia ukiwa probesheni (kipindi cha majaribio kazini) chama hakikusaidii kitu, kwahiyo hata ada ya nini?

#3 (mleta uzi)

Mdogo wangu umeuliza vizuri, naanza na hili la namba.

Zamani za mwanzo rubani alipangiwa safari na meneja anavyojiskia. Ukikataa kuruka kwenye hali mbaya ya hewa kesho safari zako kapewa mwingine, na yule aliyekubali ndio mara nyingi alikua harudi. Marekani ndiko chama cha ALPA kilianzishwa mwaka 1931 chini ya rubani David Behncke, na kaulimbiu yao tangu enzi hizo inahusu ratiba inayokwenda pamoja na usalama. Orodha ya sinioriti ina faida moja kubwa ambayo watu wanaisahau, inamnyima meneja fimbo. Akitaka kukuadhibu kwasababu umegoma kupeleka ndege ambayo hujaridhika nayo, hawezi kukurusha nyuma ya foleni, hawezi kumpandisha mpambe wake akakuacha wewe. Ukisema hapana, namba yako inabaki pale pale. Mimi miezi 14 ilinitafuna lakini bado nautetea huu mfumo, kwasababu mbadala wake ni kujipendekeza, na kwenye kokipiti mtu anaejipendekeza ni hatari kwa abiria wote walioko nyuma.

Ila chama ni watu. Huyo huyo Behncke aliyekianzisha alikuja kuondolewa na wanachama wake mwenyewe mwaka 1951.

Kuhusu probesheni, kwa kawaida ni mwaka mmoja, na ni kweli kampuni ikikuacha ndani ya huo mwaka, mikataba mingi hairuhusu chama kukukatia rufaa. Lakini kusema chama hakikusaidii kitu sio kweli kabisa, na hapa nieleze yaliyonikuta simuleta.

Kwa wasiojua, kozi ya ndege mpya inaanza na sheria za kampuni na mifumo ya ndege kwenye kompyuta, halafu unakaa mbele ya kokipiti ya picha, yaani mabango ya karatasi yenye vitufe vyote ukubwa halisi, unanyoosha kidole unagusa karatasi huku unasema kwa sauti, mpaka mkono ujue njia wenyewe. Mimi yangu niliibandika ukutani chumbani na kiti cha plastiki mbele yake. Ndio baadae mnaingia simuleta, kwa kawaida masaa manne, wawili wawili, kila mmoja anarusha masaa mawili mwenzake anamsaidia, na bado kuna saa nzima ya maelekezo kabla na nyingine ya kuchambuana baada.

Zoezi lililoniangusha mimi ni injini kuzima baada ya V1. V1 ni ile spidi ambayo ukishaipita husimami tena, unaruka na tatizo lako. Injini ya kushoto ikaenda, pua ikavuta kushoto, nikakanyaga pedali ya kulia vizuri tu, ndege ikarudi katikati. Shida ikaja baada ya kunyanyuka. Nilikua na haraka ya kutatua. Kwenye A320 tunafundishwa usianze kushughulikia hitilafu kabla hujafika angalau futi 400 juu ya ardhi, kazi yako ni kurusha ndege tu, magurudumu juu, pua mahali pake, mguu umetulia. Mimi futi 200 nishaanza kusoma skrini, mguu ukalegea, ndege ikaanza kuinama upande, mkufunzi akagandisha simuleta. Tukarudia. Nikafanya vilevile. Mara ya tatu jasho linanitoka mpaka kwenye headseti, nikakanyaga mguu mwingine kabisa.

Mkufunzi akaandika ripoti pale pale, akaisogeza kwangu na kalamu. Ilikua saa saba usiku maana simuleta haina mchana wala usiku. Nilikua nimeshaishika kalamu. Kilichoniokoa ni kwamba wiki ya kwanza kuna mama mmoja kapteni wa kamati ya mafunzo alikuja darasani kwetu dakika 20 tu, akatuachia namba yake akasema usisaini ripoti mbaya kabla hujaisoma mpaka mwisho na kabla hujanipigia, hata iwe usiku wa manane. Nikampigia. Akapokea mara ya pili, akaniambia soma kipengele cha mafunzo kwenye mkataba, una haki ya vipindi viwili vya ziada na una haki ya kuomba mkufunzi mwingine, andika hayo kwenye nafasi ya maoni halafu ndio usaini, kisha kalale. Nikaandika. Ile ripoti ilikua imebeba sentensi inasema nimekataa maelekezo, kitu ambacho sio kweli, nikaomba ifutwe na ikafutwa.

Vipindi vya ziada nilipewa mkufunzi mwingine, mzee mmoja mpole. Hakunifundisha kitu kipya, aliniambia tu injini ikizima weka mkono wako juu ya paja na useme kwa sauti "narusha ndege" mpaka futi 400. Nikapita.

Sasa nambie kama hicho chama hakikunisaidia. Mkataba kuhusu mafunzo ndio unamlinda rubani mpya kuliko ibara zote za mshahara.

#4

Mleta uzi nakuunga mkono kwenye simuleta. Mimi ni mkufunzi, naongeza kidogo. Vijana wengi wanaofeli sio kwamba hawawezi kurusha, wanafeli kwasababu wanaona aibu kuuliza. Mtu hajaelewa kitu tangu kipindi cha pili anakuja kukwama kipindi cha saba na hapo muda umeisha. Na ukikosea jambo simuleta liache hapo hapo, makosa mengi nayoyaona ni ya mtu anaewaza kosa la dakika tano zilizopita wakati ndege inaendelea kwenda. Pia mjue mwenzako wa simuleta ni nusu ya alama zako, mkitafutana mapema mkafanya mazoezi ya kusomeana cheklisti nje ya darasa mnafika mbali.

Ila tusiwalaumu wakufunzi wote, huyo aliyekusogezea karatasi saa saba usiku nae inawezekana alikua kwenye kipindi chake cha pili mfululizo. Na wakufunzi nao wana namba za sinioriti na wana siasa zao ndani ya chama hicho hicho.

#5

Shikamoo kapteni, na wewe mleta uzi. Swali langu ni yale masaa 1500 ya kuruka ambayo Marekani wanayadai kabla hujawa fasti ofisa. Kuna watu wanasema ile sheria ya Marekani ni ujanja wa chama kuzuia vijana ili mishahara ipande, wengine wanasema ni usalama. Ukweli uko wapi?

#6 (mleta uzi)

Hili linahitaji kusemwa taratibu. Februari 2009 ndege ya Colgan Air safari namba 3407 ilianguka karibu na Buffalo, wakafa watu 50, mmoja wao alikua nyumbani kwake chini. Ndege ilipungua spidi, mfumo ukamwonya kapteni kwa kutikisa usukani, yeye badala ya kusukuma pua chini akavuta. Uchunguzi ukaonyesha kapteni alishafeli mitihani kadhaa huko nyuma, na fasti ofisa alikua amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kwenye ndege za mizigo ili afike kazini Newark. Familia za marehemu zikapigana mpaka bunge likapitisha sheria mwaka 2010, na kanuni ya masaa 1500 kwa fasti ofisa ikaanza mwaka 2013, na punguzo kwa waliotoka jeshini mpaka 750 na kwa wenye digrii ya urubani mpaka 1000.

Sasa kinachoniumiza mimi ni hiki, wale marubani wawili wote walikua wameshavuka 1500. Wote. Kwa maoni yangu kilichowakosesha sio masaa, ni uchovu na namna walivyofundishwa kutoka kwenye stoli (spidi kupungua mpaka mabawa yanashindwa kuibeba ndege). Sheria ile ile ilileta pia mabadiliko ya mafunzo ya stoli na kanuni mpya za muda wa kupumzika, na kwangu mimi hizo ndio zimeokoa watu. Ulaya fasti ofisa anaingia na leseni ya biashara na masaa 200 hivi, kwa kozi maalum za moja kwa moja hata pungufu ya hapo, na ndege hazidondoki kila siku.

ALPA wanaitetea ile kanuni kwa nguvu zote na wanaamini ni usalama, na wana hoja, kijana aliyekaa miaka miwili anafundisha wengine amejifunza kufanya maamuzi peke yake. Lakini ni kweli pia marubani wakiwa wachache mishahara inapanda, na kiongozi wa chama anaegombea tena hawezi kujifanya halioni hilo. Yote mawili yapo kwa pamoja. Ukimsikia mtu anakwambia ni moja tu, jua anakuuzia kitu.

Kijana anaelipia mwenyewe ajiulize swali lingine, hayo masaa anayanunua au anayafanyia kazi? Kuna sehemu kijana analipa ili akae kiti cha kulia na abiria wako nyuma. Hiyo nilikataa na naomba mkatae, maana ukishalipia kiti huna ubavu wa kumwambia kapteni turudi nyuma hii sio salama.

#7

Mimi ni kapteni, nimebakiza miaka miwili nistaafu. Vijana nimewasoma. Naomba niseme bila kumkwaza mtu. Sisi tuliingia tukakaa kulia miaka 13. Tulipigania mkataba huu mnaoufaidi, wengine wetu tulikaa mgomoni bila mshahara na watoto wako shule. Leo mtu ana miaka mitatu kazini anasema wazee wanakula peke yao. Zamu yenu itakuja, ndio maana ya foleni.

#8 (mleta uzi)

Shikamoo kapteni. Nashukuru umechangia na heshima yako iko palepale, mimi mkataba ninaoutumia nimeukuta umeshapiganiwa na nyinyi, na nilipokua nje miezi 14 ni wazee kama wewe waliochanga bima ya afya ya familia zetu, sijasahau mpaka leo.

Lakini kapteni foleni haijawahi kutembea kwa haki tu, imekua ikisogezwa na maamuzi. Mwaka 2006 shirika la kimataifa la usafiri wa anga lilipandisha umri wa rubani kutoka 60 mpaka 65, Marekani wakafuata Desemba 2007. Kwa aliyekua na miaka 59 ile ilikua zawadi ya miaka mitano kwenye kiti cha kushoto na mshahara wa juu kabisa. Kwa fasti ofisa aliyekua karibu kupanda ilikua miaka mitano ya kusubiri. Vyama vilikua vimepinga miaka mingi, halafu ALPA ikageuka 2007 ilipoona sheria inakuja tu. Wazee walikua wengi na ndio waliokua wanaongea mikutanoni. Hivi karibuni walipotaka 67 kule Marekani ALPA ilipinga na bunge halikupitisha mwaka 2024. Siwalaumu wazee kupigania maslahi yao kapteni, nawalaumu vijana kutokwenda mkutanoni.

Na mfano unaonikosesha usingizi ni mwaka 1983 American Airlines. Kampuni ilitaka kupunguza gharama, chama kikakubali mishahara ya watu waliopo isiguswe, ila atakaeajiriwa kuanzia siku ile alipwe kwa jedwali lingine la chini sana, waliliita jedwali B. Fikiria ilivyokua rahisi kupitisha, waliokua wanaumizwa walikua bado hawajazaliwa kwenye kampuni. Kampuni ikaajiri kwa maelfu, ndani ya miaka michache watu wa jedwali B wakawa wengi ndani ya chama, wamekaa kokipiti moja na mtu anaefanya kazi ileile kwa hela nyingi zaidi. Yale machungu yaliingia kila uchaguzi wa chama mpaka jedwali likaja kuvunjwa.

#9

Mimi naongeza vita ya sinioriti kampuni zikiungana, msisahau US Airways na America West za Marekani, mimi nimefuatilia sana ile kesi. Kampuni ziliungana 2005, orodha mbili za sinioriti zikatakiwa ziwe moja, wakashindwana wakaenda kwa mwamuzi, Nicolau, mwaka 2007 akatoa orodha yake. Watu wa US Airways wakaona wamedhulumiwa maana mtu wa miaka mingi kawekwa jirani na mtu wa juzi wa upande wa pili, hoja ya mwamuzi ikiwa kwamba kampuni yao ilikua inakufa na baadhi yao walikua nje ya kazi. Na kwakua walikua wengi kwa idadi wakaipigia kura ALPA itoke kabisa, 2008 wakaunda chama kingine, USAPA. Kampuni moja, marubani makundi mawili wasiosalimiana, na miaka yote hiyo wanalipwa kwa mikataba ya zamani kwasababu hawakubaliani. Orodha ya pamoja ilikuja kutoka 2016 wakiwa wameshamezwa na American.

#10 (mleta uzi)

Mkuu hapo juu umemaliza kila kitu, kampuni ilikaa pembeni ikawaangalia wanavyomalizana.

Kuna alieniuliza inbox kuhusu mgomo, najibu hapa kwa faida ya wote. Rubani mpya jihadhari na mgomo baridi. Watu wakianza kuambizana tuugue wote jumamosi, wewe wa probesheni usiingie kwenye hayo magrupu. Mwaka 1999 marubani wa American waliugua kwa pamoja kwasababu ya kampuni kununua Reno Air, mahakama ikaamuru warudi, chama kikachelewa kutii, faini ikawa zaidi ya dola milioni 45. Mgomo halali ni kitu kingine, una kura, una taratibu, Marekani lazima bodi ya usuluhishi iwaachie kwanza halafu kuna siku 30 za kupoa. Ukiitishwa kihalali na ukavuka mstari kwenda kuruka, jua hilo linakufuata maisha. Marubani wa Continental, kampuni nyingine ya Marekani, waligoma 1983 mpaka 1985 na majina ya waliovuka yaliwekwa kwenye orodha ambayo marubani waliendelea kuipitisha mkono kwa mkono miaka mingi baadae, mtu anaomba kukaa kiti cha ziada kokipiti arudi nyumbani, kapteni anaangalia jina anamwambia samahani.

Na kuna vyama vilivyobeba wadogo zao vizuri, nisiwe nalalamika tu. Marubani wa British Airways waligoma Septemba 2019 siku mbili kwa ajili ya mshahara. Mwaka haujaisha vizuri ikaja korona, kampuni ikataka kupunguza marubani zaidi ya elfu. Chama chao cha marubani wa Uingereza, BALPA, kikaenda kwa wanachama, wakapiga kura kukatwa asilimia 20 ya mshahara, ikishuka kidogo kidogo mpaka 8 ndani ya miaka miwili, ili watu wachache zaidi waondoke na kundi la vijana kama 300 libaki kwenye akiba likilipwa kidogo likisubiri kuitwa. Kuna walioondoka kwa lazima bado, 270 hivi. Lakini kapteni aliyebakiza mwaka mmoja alikubali kukatwa hela yake kwa ajili ya kijana ambae hajawahi hata kuruka nae.

#11

Sasa mleta uzi hiyo kura yenu inahusu nini? Umetuacha njiani.

#12 (mleta uzi)

Haya. Kampuni imeleta mezani nyongeza nzuri kwa wote waliopo, na kweli ni nzuri, mimi mwenyewe ingenisaidia. Ila kwa kubadilishana na hiyo nyongeza, watakaoajiriwa kuanzia mwakani wasaini bondi ya mafunzo ya miaka mitano badala ya mitatu, ukiondoka kabla unalipa gharama yote ya kozi bila kupunguziwa kwa miaka uliyofanya kazi, na ukifeli simuleta kile kipindi cha pili cha ziada kinaondolewa. Kinabaki kimoja.

Kamati ya majadiliano ikatuletea sisi wa mafunzo tutoe maoni. Tulikua tisa mezani. Mwenyekiti akasema kwa upole kabisa, jamani hawa bado hawajaajiriwa, hakuna tunaemnyang'anya. Nikaona ile karatasi ya saa saba usiku mbele yangu. Mimi nilipita kwenye kipindi cha pili cha ziada wakuu, sio cha kwanza. Cha kwanza nilikua bado nakanyaga pedali vibaya. Kama kingekua kimoja leo nisingekua mezani pale.

Nikasema hayo yote mbele yao, sikuwahi kumwambia mtu kazini. Tukapiga kura, wanne tulikataa, watano wakakubali. Kwahiyo kimeenda kwa wanachama na kura inafungwa ijumaa. Wenzangu mnaofanya kazi kwingine tafadhali someni kipengele cha mafunzo kwenye mikataba yenu leo, na mlioko probesheni hata kama hampigi kura nendeni mkutanoni mkae tu mbele waone sura zenu.

#13

Mimi kapteni wa hapo juu. Bondi sioni ubaya, kampuni inatumia hela nyingi kukufundisha halafu unakimbilia kwingine. Ila hilo la kupunguza vipindi vya ziada sikubaliani nalo. Mimi mwenyewe nilipata cha ziada nilipokua napanda ukapteni. Kama chama chetu kingekua hicho ningekataa.

#14

Kapteni shikamoo, ila kuhusu bondi mimi nimefungwa nayo nje ya hapa miaka minne sasa. Sio hela tu. Kuna siku nilitaka kuripoti uchovu nikakumbuka wakiniacha nadaiwa, nikaenda kuruka. Nilitua salama lakini kile kipande cha mwisho cha safari sikikumbuki vizuri mpaka leo. Hilo ndio tatizo la bondi.

#15 (mleta uzi)

Dada namba 14 pole sana, na tafadhali siku nyingine ripoti, hilo deni tutajua mbele ya safari.

Matokeo yametoka. Kimepita, asilimia 54 kwa 46. Bondi ya miaka mitano imepita, ila kwenye mkutano wa mwisho kabla ya kura walisimama makapteni wawili wazee wakasema hawawezi kupigia kura kitu kinachomfukuza mtu haraka simuleta, ikabidi kamati irudi kwa kampuni usiku ule, na kipindi cha pili cha ziada kikarudishwa. Na deni la bondi litapungua kila mwaka unaofanya kazi. Miaka mitano yenyewe imebaki na mimi bado naona ni dhuluma, mazungumzo yajayo ntairudisha mezani.

Jumatatu darasa jipya linaanza, watu 16. Nimeomba dakika 20 kabla dada wa utumishi hajaingia na ile karatasi ya namba, nimepewa. Nimechapa kipengele cha mafunzo nakala 16 na namba yangu ya simu nimeiandika chini kwa kalamu.